Sifa za Mwandishi wa Viapo

Hati ya kiapo ya Uganda ina desturi yake. Anayeapa hujitaja jina na anwani, halafu aya zote zinazofuata, zikiwa tano au hamsini, huanza na neno lile lile la Kiingereza: “That”. Kwamba mimi ni Mganda, mtu mzima mwenye akili timamu. Kwamba mlalamikiwa ni shemeji yangu. Kwamba yote niliyoyaeleza hapo juu ni kweli kwa kadiri ninavyojua na kuamini. Asiyezoea huona ni kujirudiarudia tu. Mimi nimezisoma za kutosha kujua kuwa kila “kwamba” ni mlango ambao maneno ya mtu yanaweza kupita yakiwa mazima au yakavunjika mbavu, na mlinzi wa mlango huo ni karani wa ofisi ya wakili, mtu ambaye hakuna anayemtungia shairi.

Arua na Koboko ndiko kwenye kazi hii kwelikweli. Arua ni jiji tangu Julai 1, 2020, na Mahakama Kuu ina kituo chake hapo. Koboko, wilaya tangu 2005, iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Kwenye benchi la kungojea utasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala cha wanaotoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, na Kiswahili kilichoenezwa huku na askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles na wafanyabiashara wa mpakani. Ndani ya mahakama lugha ni Kiingereza. Mshtakiwa wa jinai amelindwa: kifungu cha 28 cha Katiba ya 1995 kinampa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya kesi. Lakini anayegombania shamba, mirathi, au jina lililoandikwa vibaya kwenye kitambulisho hupata ulinzi wake wa kwanza mezani kwa karani.

Tuseme mama mmoja kutoka Koboko amekuja na shauri la shamba. Anasema: “Shemeji alikuja nyumbani, akasema shamba ni lake.” Kiingereza kina sheria yake hapa. Kitenzi cha mbele kikiwa cha wakati uliopita, hukivuta na cha nyuma: “he said that the land was his.” “Ni” imegeuka “was”, na hakuna kosa. Kiswahili hakina mvuto huo. Kitenzi kinachofuata “alisema” hubaki kwenye saa ya msemaji. Shemeji alisema “ni langu”, basi “ni lake”.

Hatari iko jirani. Kama shemeji angesema “lilikuwa langu”, karani mvivu angeandika “was” ile ile. Kauli mbili zilizopingana zimeingia shimo moja: katika ya kwanza shemeji anadai shamba, katika ya pili anakiri kwamba si lake tena. Dai na ungamo, na kesi nzima inaning'inia katikati. Karani hodari anajua kwamba ya pili inataka “had been”, wakati uliopita nyuma ya wakati uliopita, ndipo hakimu aone kuwa umiliki ulikuwa umekwisha kabla shemeji hajafungua mdomo. Kwa hiyo haandiki kabla ya kuuliza.

“Mama, alisema ni lake, au lilikuwa lake?”

“Ni lake! Angesema lilikuwa, mwanangu, mimi ningekuja huku kutafuta nini?”

Swali moja, jibu moja, na aya ya nne ya kiapo imesimama sawasawa. Hiyo ndiyo sehemu ya ufundi inayonivutia: karani hakuonyesha Kiingereza chake hata kidogo. Alijua Kiingereza kinaficha nini, akauliza kwa Kiswahili pale hasa penye kificho.

Wakati mwingine Kiingereza hubana pengine. Mama anaendelea: “Nilimtafuta mume wangu aje ashuhudie. Jirani akaniambia amekwenda Ariwara.” Hakusema “alikwenda”. Mwenye “amekwenda” bado yuko huko. Mwenye “alikwenda” huenda alirudi jana yake na yuko nyuma ya nyumba anakata kuni. Kiingereza cha taarifa huweza kuzipa zote mbili “had gone”. Hakimu akisoma hivyo ana haki ya kujiuliza kwa nini mume huyo hakuitwa. Karani anayeijua kazi yake huuliza kama mume alikuwa amesharudi siku ile, na akiambiwa bado, huongeza maneno machache ya kueleza kwamba alikuwa hajarudi. Maneno hayo hakuyatoa mfukoni mwake. Yalikuwa ndani ya “-me-” ya mama tangu mwanzo.

Kisha kuna kitenzi “kuona”, ambacho kimekwisha kuangusha mashahidi wengi. “Nilimwona aking'oa miti ya mpaka” ni macho. “Niliona kwamba ameng'oa miti ya mpaka” ni akili: niliona mashimo, niliona majani yamenyauka, nikajua ni nani. Kiingereza nacho kinazitenganisha: “I saw him uprooting” haina “that”, na “I saw that he had uprooted” inayo. Neno dogo hilo ndilo linalohamisha jambo kutoka machoni hadi kichwani. Na sheria inalijali. Kanuni za mashauri ya madai za Uganda, Amri ya 19, zinataka kiapo kibaki ndani ya mambo ambayo mwenye kuapa anaweza kuyathibitisha kwa ujuzi wake mwenyewe. Imani huruhusiwa katika maombi ya muda tu, tena sababu zake zitajwe. Karani akimpa mama “I saw him uprooting” kwa sababu inasikika na nguvu zaidi, amemtia kwenye mahojiano ya wakili wa upande wa pili bila ngao. Wakili atauliza alisimama wapi, jua lilikuwa wapi, shemeji alivaa nini, naye mama, ambaye hakusema uongo wowote, ataonekana mwongo.

Yote haya yanamwangukia karani kwa sababu wengi wanaoapa hawawezi kusoma walichoandikiwa. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, inamtaka anayewaandikia hati aandike kwenye hati hiyo jina lake kamili na anwani yake. Kwa kufanya hivyo anahesabiwa ametamka kwamba aliagizwa na mwenye hati, kwamba maandishi yanawakilisha maagizo yale kikamilifu na kwa usahihi, na kwamba alimsomea na kumweleza. Mafundi wachache wanadaiwa hivyo. Kumsomea maana yake ni kuyarudisha yote kwa Kiswahili au Kikakwa, “kwamba” baada ya “kwamba”, na kumtazama usoni mwenye maneno kuona kama anayatambua. Pale “was” iliyokosewa hujitokeza yenyewe: mama atasema hapana, sikusema hivyo.

Tanzania mwaka 2021 ilibadili sheria Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na daraja hili la kutoka Kiswahili hadi Kiingereza huko limepungua urefu. Uganda iliandika Kiswahili katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Ningependa uamuzi huo ufike hadi kwenye somo la usemi wa taarifa. Mtoto wa darasa la saba hufanyishwa zoezi la kugeuza maneno ya mtu kwa Kiingereza, na vitabu vingi vya Kiswahili vimeiga mtindo huo, vikifundisha kwamba “nitakuja” iwe “alisema angekuja”. Mtu wa sokoni Arua akisikia “angekuja” hungojea sababu iliyomzuia huyo mtu asije. Yeye angesema “alisema atakuja”, na angekuwa sawa. Mwalimu aziweke sentensi hizo mbili ubaoni pamoja na ile ya Kiingereza, kisha aulize darasa: kama huyu angekuwa shahidi, ipi ingemponza? Watoto watakaojibu vizuri ndio makarani ambao Koboko itawahitaji, na kazi yao itakuwa imeanza mapema kuliko walivyodhani.