Kazi Iliyomo Ndani ya Stripu Moja

Mtu akinunua kipimo cha sukari cha nyumbani, macho huenda kwenye mashine: kioo chake, betri yake, kumbukumbu yake ya vipimo vya mwezi mzima. Kikopo cha stripu hutazamwa baadaye, na aghlabu ni kwa kunung'unikia bei. Mimi naona heshima hiyo imepelekwa pasipo pake. Mashine ni saa na kikokotoo ndani ya kasha moja, na viwanda vingi vya vifaa vya umeme vinaweza kuiunda. Ufundi wenyewe umo kwenye stripu, kijikanda cha plastiki kinachofanya kazi kwa sekunde 5 kisha kikatupwa.

Ukitaka kujua kwa nini nasema hivyo, hesabu kazi ambazo mgonjwa alilazimika kuzifanya kwa mkono wake kabla stripu hiyo haijafika ilipo. Kila kazi ilikuwa nafasi ya kukosea. Mafundi wa kipimo hiki wamekuwa wakiziondoa, moja baada ya nyingine, kwa muda unaokaribia karne nzima.

Mwanzo ulikuwa mkojo. Mwaka 1776 daktari Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo wa mgonjwa motoni akabaki na kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Mwaka 1908 Mmarekani Stanley Benedict alitoa dawa ya buluu yenye shaba. Ukiichemsha pamoja na mkojo hugeuka kijani, kisha njano, kisha rangi ya machungwa, na sukari ikiwa nyingi mno huwa nyekundu ya matofali. Aliyesoma baiolojia sekondari Kenya au Tanzania ameshaichemsha dawa hiyo maabara akitafuta sukari kwenye chakula, pengine bila kuambiwa kwamba kulikuwa na watu walioichemsha jikoni kwao kila siku ili wajue hali zao.

Kuchemsha kunahitaji moto, na moto haubebwi mfukoni. Mwaka 1941 kampuni ya Ames ya Elkhart, Indiana, tawi la Miles Laboratories waliokuwa wakitengeneza Alka-Seltzer, ilitoa kidonge kilichoitwa Clinitest. Nyuma yake alikuwapo daktari Walter Compton. Unatia matone 5 ya mkojo na 10 ya maji kwenye tyubu ya kioo, unatumbukiza kidonge, na mchanganyiko unachemka wenyewe. Ndani ya kidonge mlikuwa na shaba salfeti, kostiki soda, asidi sitriki na magadi. Kostiki ikikutana na maji na asidi hutoa joto kali. Asidi ikikutana na magadi hutoa povu la kaboni dayoksaidi linaloifukuza oksijeni ya hewani isije ikaharibu rangi. Moto, dawa na kinga dhidi ya hewa, vyote vimebanwa ndani ya kidonge kimoja. Kilikuwa pia kitu cha hatari, kwani aliyekimeza kwa bahati mbaya aliungua umio.

Lakini mkojo ni shahidi anayechelewa. Figo hazianzi kuimwaga sukari mpaka damu ifikie takriban 10, kwa kipimo cha milimoli kwa lita tunachokitumia huku kwetu, na mkojo wa sasa hivi unaeleza damu ya saa kadhaa zilizopita. Sukari ikishuka, mtu akaanza kutetemeka na kutokwa na jasho, mkojo haumwambii lolote. Ilibidi kuifuata damu yenyewe.

Hapo ndipo kilipoingia kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, kinachopatikana kwenye kuvu mweusi, Aspergillus niger. Sifa yake kubwa ni kuchagua: kati ya sukari za aina nyingi hukamata glukosi na kuziacha nyingine karibu zote. Mwaka 1956 wanakemia wawili wa Ames, Alfred Free na mkewe Helen, walikikausha kimeng'enya hicho juu ya karatasi pamoja na kimeng'enya cha pili na rangi. Karatasi ikachovywa kwenye mkojo, ikabadilika, basi. Hakuna kidonge wala tyubu.

Damu iliwapa mafundi shida ya aina nyingine, kwa sababu damu ni nyekundu. Utasomaje badiliko dogo la rangi chini ya wekundu ule? Ernest Adams, naye wa Ames, aliifunika karatasi kwa utando ambao sukari inapenya lakini chembe nyekundu hazipiti. Stripu hiyo, Dextrostix, ilitoka katikati ya miaka ya 1960. Ulidondosha tone kubwa, ukahesabu sekunde 60 kwa saa ya mkono, ukaisafisha damu kwa maji ya chupa, kisha ukalinganisha rangi iliyobaki na rangi zilizochapwa kwenye kikopo. Utando ule ni wazo zuri mno. Kasoro yake ilikuwa kwamba uliacha kazi nne mkononi mwa mpimaji, na zote nne zinakoseka: tone likiwa dogo, sekunde zikizidi, maji yakimwagwa kwa nguvu, taa ya chumba ikiwa ya njano.

Kuelekea mwaka 1970 mhandisi Anton Clemens, wa kampuni hiyohiyo, aliliondoa jicho. Mashine yake ilimulika stripu na kupima mwanga uliorudi, mshale ukaonyesha namba. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na iliuzwa kwa madaktari, si kwa wagonjwa. Mhandisi mmoja wa Marekani, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu ana miaka 12, aliipata kupitia kwa mkewe aliyekuwa daktari. Akajipima mara kadhaa kwa siku, akajifunza ni chakula kipi na dozi ipi ya insulini hufanya nini ndani ya mwili wake. Majarida ya kitabibu hayakutaka kuchapisha aliyoyaona, basi akiwa na miaka 45 akaingia chuo cha udaktari. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliowafuatilia watu 1,441 ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari kwa karibu hupunguza sana madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Bernstein alikuwa ameshaishi hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1987 ndio mwaka ninaoupenda katika habari hii. Kwanza, kampuni ya LifeScan ilitoa stripu isiyofutwa wala kuoshwa: damu iliwekwa juu, mashine ikasoma rangi kwa chini, na saa ikaanza kuhesabu yenyewe damu ilipofika. Pili, mwaka huohuo kilitoka kifaa chenye umbo la kalamu, cha MediSense, ambacho hakikusoma rangi kabisa. Kilisoma umeme.

Wazo la umeme lilikuwapo tangu 1962, Leland Clark alipoonyesha kwamba kimeng'enya kinaweza kufungwa juu ya elektrodi. Glukosi oksidesi inapoivunja glukosi huchukua elektroni zake na kuzikabidhi kwa oksijeni. Clark alipima oksijeni iliyotumika. Katika maabara hilo linafaa, lakini oksijeni iliyomo kwenye damu ya kidole hubadilika kutoka mtu hadi mtu na kutoka bonde hadi mlima. Tena, sehemu ya kimeng'enya inayoshika elektroni imezama ndani kabisa ya protini, elektrodi haiifikii. Watafiti wa Oxford na Cranfield, akiwamo Allen Hill, walichapisha jibu lao mwaka 1984: feroseni, kemikali ya rangi ya machungwa yenye atomu ya chuma katikati. Molekuli yake ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya kimeng'enya, ikachukua elektroni, ikatoka na kuzimwaga kwenye elektrodi, ikarudi tena. Kadiri sukari inavyozidi ndivyo mkondo wa umeme unavyokua.

Kuanzia hapo stripu iliweza kuchapwa kiwandani kwa wino wa kaboni, kwa mbinu ileile ya kuchapa fulana, maelfu kwa maelfu, kila moja ikitakiwa isitofautiane na mwenzake. Ukichukua stripu ya siku hizi na kuibandua tabaka utaona mfereji mwembamba unaoivuta damu yenyewe. Nyingi zina pia elektrodi ya ziada mwishoni mwa mfereji, ambayo kazi yake ni kuhakikisha tu kwamba damu imefika. Isipofika, mashine haitoi namba. Hapo hata kosa la tone dogo likaondoka mkononi mwa mgonjwa.

Mwaka 2000 Adam Heller na mwanawe Ephraim, kupitia kampuni yao TheraSense, walifikisha tone hilo kwenye mikrolita 0.3, mbu aliyeshiba huondoka na damu nyingi kuliko hiyo mara kadhaa. Walivyofanya ndivyo vinavyonishangaza zaidi. Stripu nyingi hupima kasi ya mkondo kwa wakati mmoja, na kasi hiyo hupanda na joto, ndiyo maana mashine nyingi zina kipimajoto ndani yake. Stripu ya akina Heller ilikuwa na chumba chenye ujazo unaojulikana barabara, nayo ilisubiri mpaka elektroni za glukosi yote iliyomo zimalizike, ikazihesabu. Mchana wa Lamu na alfajiri ya Njombe mwezi Julai hubadilisha muda wa kuhesabu, jumla haibadiliki sana.

Si kila hatua ilikuwa ya mbele. Ili kuikwepa oksijeni, baadhi ya viwanda vilibadilisha kimeng'enya, na kimoja kati ya hivyo vipya kikawa hakitofautishi glukosi na maltosi. Wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kupitia tumbo kwa maji yenye aikodekstrini, ambayo mwilini hugeuka maltosi, walisomewa sukari ya juu ambayo hawakuwa nayo, wakachomwa insulini. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo ikitaja vifo 13. Biashara nayo ina mkono wake: mashine hutolewa kwa bei ya kutupa, faida ikafuatwa kwenye stripu, na stripu ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile. Sioni ufundi wowote katika hilo.

Siku hizi sifa zote zinakwenda kwa vihisio vya kubandika mkononi, kama kile cha FreeStyle Libre kilichoingia Ulaya mwaka 2014, kinachokaa siku 14 bila kuchoma kidole. Navyo vinastahili. Lakini husoma majimaji yaliyo kati ya seli, hivyo huwa nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Ukikilalia usiku kihisio chenye kengele, kinaweza kukuamsha kwa kengele ya uongo. Na bei yake iko mbali na wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki. Kihisio kikisema jambo ambalo mwili haulisikii, watengenezaji wenyewe humrudisha mtu kwenye stripu.

Huku kwetu kuna jambo jingine lililo muhimu. Mtu mwenye upungufu wa damu, awe mjamzito, mtoto aliyetoka kuugua malaria au mgonjwa wa selimundu, ana chembe nyekundu chache, na stripu za zamani humsomea sukari juu kuliko ilivyo. Baadhi ya stripu mpya hupitisha kwanza umeme wa kwenda na kurudi ili kupima wingi wa chembe hizo, kisha husahihisha namba kabla ya kuionyesha.

Hata hivyo namba hiyo ina uhuru wake. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinataka vipimo 95 kati ya 100 visipotoke zaidi ya asilimia 15 sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Sukari ya kweli ya 10 inaruhusiwa kusomeka kati ya 8.5 na 11.5. Aliyepata 9.1 akarudia akapata 9.8 hana sababu ya kuitupa mashine. Akipata 17 ghafla, akumbuke kwanza alishika nini. Tone likiwa dogo hivi, sukari iliyobaki kidoleni kwa mtu aliyemenya chungwa inatosha kulichafua lote, jambo ambalo tone kubwa la zamani lingelivumilia kidogo. Kupitisha pamba yenye spiriti mara moja hakuiondoi. Anawe kwa maji na sabuni, kisha akaushe vizuri, kwa sababu kidole chenye majimaji nacho huizimua damu na kuishusha namba.