Mswada 'ulipita', lakini nani aliupitisha? Lugha ya wabunge kuhusu kura na usalama

Serikali ya Kenya inapotaka kuonyesha kwamba imekaza kamba katika masuala ya usalama, huzungumza Kiswahili. Wanajeshi walipopelekwa Mlima Elgon mwaka 2008, operesheni ile iliitwa Okoa Maisha. Mnamo Oktoba 2011 majeshi yetu yalivuka mpaka na kuingia Somalia kwa jina la Linda Nchi. Msitu wa Boni, kule Lamu, ulipata Linda Boni. Februari 2023 ikaja Maliza Uhalifu kaskazini mwa Bonde la Ufa. Hata ule msako wa Aprili 2014, ambapo watu walisombwa kutoka Eastleigh hadi uwanja wa Kasarani, ulibeba neno letu, ingawa aliyeubatiza aliishiwa na pumzi katikati ya safari akauita Usalama Watch.

Hebu msomaji vitazame vitenzi hivyo: okoa, linda, maliza. Vyote viko katika hali ya kuamrisha. Mwananchi wa kawaida havihitaji kamusi. Lakini sheria ambazo kwazo vikosi hivyo hupewa mamlaka, fedha na mipaka huandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Huu si ugonjwa wa jana. Kiswahili kiliporuhusiwa Bungeni Julai 1974 kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta, mijadala ilibadilika lugha lakini miswada yenyewe ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa nazo zimetafsiriwa, na waliofanya kazi hiyo wanastahili pongezi. Hata hivyo, mswada unaogusa maisha ya mama mboga wa Garissa bado humfikia kwa mdomo wa mtu mmoja tu: mbunge wake. Ni ule mdomo ninaotaka kuuchunguza leo.

Majuzi nilihudhuria mazishi kijijini kwetu. Kama ilivyo desturi nchini, wanasiasa walipewa kipaza sauti baada ya familia na kabla ya mhubiri. Mbunge mmoja, ambaye sitamtaja, alitusimulia mambo ya Bungeni kwa Kiswahili kitamu kabisa. Alisema miswada imepita, usalama wa taifa umeimarishwa, na kwamba 'tumepitisha mambo mengi sana'. Watu wakapiga makofi. Kisha mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami akainuka kwa mkongojo wake, akauliza bila kuomba kipaza sauti: "Mheshimiwa, wewe mwenyewe ulisema ndiyo ama ulisema la?"

Mbunge alicheka kwa adabu. "Mzee wangu," akamjibu, "hayo ni mambo ya usalama wa taifa." Akakabidhi kipaza sauti kwa diwani.

Mimi ni mwalimu wa sarufi na sina biashara na siasa za mtu. Ila swali la mzee yule lilikuwa la sarufi. Alikuwa akiuliza kiambishi cha nafsi kiko wapi.

Chukua kitenzi pita. Tunaposema 'mswada umepita', mswada ndio mtenda. Umepita wenyewe, kama mvua inavyopita au matatu isiyosimama kituoni. Tukisema 'mswada ulipitishwa', tayari tumekiri kwamba kuna aliyeupitisha, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "na nani?" Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi kwa mtenda kuingia kupitia kiunganishi na. Kauli ya kutenda katika 'umepita' haiachi hata ufa. Chunguza taarifa ambazo wabunge wetu hutoa wanaporejea nyumbani mwishoni mwa wiki, utaona aghalabu wanachagua umepita. Sidhani wote wanafanya hivyo makusudi. Lakini mazoea ya lugha humfaa anayetaka kufaidika nayo, hata asipoyapanga.

Kisha kuna kile kiambishi tu- katika 'tumepitisha'. Lugha nyingine duniani, kwa mfano Kimalei, zina viwakilishi viwili vya nafsi ya kwanza wingi: kimoja kikimjumuisha anayesikiliza na kingine kikimwacha nje. Kiswahili kina sisi moja tu. Mbunge akisema 'tumepitisha' mbele ya waombolezaji, tu- ile inaweza kuwa yeye na wenzake wa chama, yeye na serikali, au yeye na nyinyi mlioketi kwenye viti vya plastiki. Makofi yanapopigwa, maana ya tatu ndiyo inayofanya kazi. Hasira zikizuka, tu- hugeuka ghafla na kuwa wa-: 'walipitisha'. Nafsi ambayo haionekani popote ni ni-.

Nisionekane nasema hewani. Mnamo Desemba 18, 2014, Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama. Nchi ilikuwa na majeraha mabichi. Mnamo Novemba 22 abiria 28 walikuwa wameuawa baada ya basi lao kutekwa Mandera, na Desemba 2 wachimba mawe 36 wakauawa katika kaunti iyo hiyo. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyedai Bunge likae kimya. Mswada wenyewe ulifanyia marekebisho sheria nyingi kwa mkupuo mmoja, nao ukapitishwa kwa kelele karatasi zikiraruliwa na maji yakimwagwa ukumbini. Rais aliutia sahihi siku iliyofuata. Mnamo Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vipengele vinane vya sheria hiyo, kikiwemo kile kilichotaka idadi ya wakimbizi nchini isizidi 150,000 na vingine vilivyobana uhuru wa vyombo vya habari.

Je, ni wabunge gani waliounga mkono vipengele vile vinane? Kura ya sauti haitunzi majina. Spika huwaomba wanaokubali waseme ndiyo, na wanaopinga waseme la, kisha husikiliza ni upande upi umenguruma zaidi. Katika zogo la siku ile, hata ndiyo na la zenyewe zilipotelea angani. Kwa hiyo mbunge aliyerudi nyumbani kula Krismasi angeweza kumwambia mpigakura wake wa kwanza kwamba aliunga mkono, na wa pili kwamba alipinga, na kumbukumbu za Bunge zisimuumbue.

Linganisha na Juni 2024. Mswada wa Fedha uliposomwa kwa mara ya pili mnamo Juni 20, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Mnamo Juni 25 waliouunga mkono walikuwa 195 na waliopinga 106. Safari hii majina yalikuwepo. Vijana waliyasambaza kwa simu, jina kwa jina, eneobunge kwa eneobunge. Baada ya hapo tulisikia kitu adimu katika Kiswahili cha siasa: baadhi ya wabunge walisimama mbele ya watu wao na kusema 'nilipiga kura ya ndiyo', wengine wakaongeza 'mnisamehe'. Ni- ilirejea nyumbani. Nasikitika kwamba ilirejeshwa na maandamano yaliyomwaga damu, maana ingeweza kuletwa na barua ya ukurasa mmoja.

Neno kura lenyewe lina historia ambayo haijulikani sana. Lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya bahati nasibu: watu hutupa vijiti au mawe ili jambo liamuliwe pasipo kumlaumu yeyote. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili watakumbuka kwamba kupiga kura humo ndani mara nyingi ni kufanya hivyo hasa. Katika kura ya aina hiyo, hakuna anayeulizwa kwa nini. Leo tumelipa neno lilo hilo kazi iliyo kinyume kabisa, ya mtu kuamua kwa akili yake na kuwajibika. Wakati mwingine nikiwasikiliza waheshimiwa wakieleza jinsi miswada 'ilivyopita', nashuku wangali katika maana ya kale.

Nirudi kwa jibu alilopewa mzee, kwa sababu hapa pana tatizo zito zaidi ya viambishi. Usalama ni hali ya kuwa salama. Ni lile neno tunalojibia salamu. Ukimuuliza mkazi wa Baringo au Lamu maana ya usalama, atakwambia ni watoto kufika shuleni na kurudi, mifugo kulala zizini, mtu kuamka akiwa hai. Katika Kiswahili cha ofisini, hata hivyo, neno hilo limehamia upande wa anayelinda. 'Maafisa wa usalama', 'vyombo vya usalama', 'kikao cha usalama'. Jirani zetu wa Tanzania wamekwenda mbali zaidi: kwao ukisema fulani ni 'mtu wa usalama', wasikilizaji hupunguza sauti, kwa kuwa unamaanisha idara ya ujasusi. Basi mbunge akisema usalama umeimarishwa, yeye ana maana ya bajeti, magari na mamlaka ya kukamata. Mpigakura anasikia kwamba mwanawe atarudi nyumbani. Wote wawili wametumia neno moja na wameachana bila kuelewana.

Katiba yetu iko upande wa mpigakura. Kifungu cha 238 kinapofasili usalama wa taifa hakiishii kwenye mipaka na mamlaka ya nchi. Kinataja watu, haki zao, uhuru wao, mali yao, amani na ustawi. Kwa mujibu wa fasili hiyo, kumjibu mzee kwamba swali lake ni la usalama wa taifa kungekuwa sababu ya kumjibu kwa urefu.

Najua nitaambiwa kuna siri. Kweli zipo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali kwamba baadhi ya habari zikitolewa zitahujumu usalama wa taifa. Sitaki mbunge atusomee mazishini idadi ya askari walioko kambini, wala njia watakayopita kesho. Lakini ndiyo aliyoitamka katika ukumbi wenye kamera si siri ya kijeshi. Anayeificha chini ya neno usalama anajilinda yeye mwenyewe.

Kuna kura moja ambayo ingekuwa somo zuri kwa kila eneobunge, na bado nasubiri kusikia ikielezwa ipasavyo kwa Kiswahili. Siku ile ile ya Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia Bungeni, Waziri wa Ulinzi alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba majeshi yanatumwa kuwasaidia polisi. Alitegemea Kifungu cha 241(3)(b) cha Katiba. Kesho yake Bunge la Taifa likaidhinisha hatua hiyo. Sasa soma kifungu hicho kwa makini. Aya ya (b) inahusu majeshi kusaidia wakati wa dharura au janga, na inataka ripoti itolewe kwa Bunge la Taifa. Aya ya (c) inahusu kurejesha amani mahali penye machafuko, na inasema majeshi yatatumwa tu kwa idhini ya Bunge la Taifa. Ripoti na idhini ni maneno mawili yenye uzito tofauti kabisa. Anayepewa ripoti huarifiwa jambo ambalo limekwisha kuamuliwa. Anayeombwa idhini anaweza kukataa. Mahakama Kuu haikuwaondoa wanajeshi, ila iliitaka serikali itangaze upeo na muda wa kazi yao.

Mbunge aliyekuwa ukumbini siku ile aliitwa kupokea ripoti, ama aliitwa kutoa idhini? Na je, alisema ndiyo ama la? Hayo angeweza kuyaeleza kwa dakika tano, bila neno hata moja la Kiingereza, na mzee wa mkongojo angeelewa kila kitu. Nilipomsindikiza hadi barabarani jioni ile, alikuwa bado ananiuliza mimi.