Kilichofutwa na Msasa

Filamu za kukarabati rili kuukuu za kuvulia samaki zina hadithi moja tu, na hadithi hiyo hunivutia na kunikera kwa wakati mmoja. Kifaa kinawekwa mezani kikiwa na kutu. Mikono miwili, isiyo na uso wala sauti, inafungua skrubu moja baada ya nyingine. Grisi ya zamani, iliyoganda ikawa kama nta ya kahawia, inakwanguliwa kwa mswaki. Vipande vinaogeshwa, vinapigwa msasa, vinasuguliwa hadi vinang'aa. Mwishoni rili inazungushwa kwa kidole, inateleza bila kukwaruza, na filamu inakwisha. Nimetazama nyingi za aina hii, na nataka kuzihoji kama tunavyoihoji hadithi yoyote: mhusika wake ni nani, nani amefichwa, na je, ule mwisho mwema umestahili?

Kwa asiyeijua, rili ni kile kifaa kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia ili kukunja mshipi kwa kuzungusha mkono wake. Wavuvi wengi wa pwani yetu hawaihitaji. Mshipi wao huzungushwa kwenye kipande cha ubao au chupa ya plastiki, na breki ni vidole vyao wenyewe.

Nichukue mfano mmoja unaopendwa sana na wakarabati: Ambassadeur 5000, rili nyekundu iliyotoka mwaka 1952 huko Svängsta, Uswidi. Kampuni iliyoitengeneza, ABU, ilianzishwa mwaka 1921, na jina lake refu, AB Urfabriken, lina maana ya kiwanda cha saa. Kabla ya rili walitengeneza saa na mita za teksi. Ukiitazama ikiwa imefunguliwa, nasaba hiyo unaiona. Kuna jino dogo linalotembea ndani ya mitaro iliyopishana kwenye mhimili, likipeleka mshipi kushoto na kulia ili ujipange sawasawa. Kuna vipande viwili vya breki, vidogo kuliko punje ya mahindi, vinavyosukumwa nje na kasi ya mzunguko ili mshipi usijikoroge wakati wa kurusha. Rili hiyo iliuzwa ndani ya mkoba wa ngozi pamoja na kifaa cha kufungulia, mafuta na spea chache. Kiwanda chenyewe kilitarajia mwenyewe aifungue. Kuifungua si kuinajisi.

Ugomvi wangu na filamu hizi unaanzia kwenye ile rangi nyekundu. Haikupakwa kwa brashi. Alumini ilitiwa kwenye dawa na kupitishwa umeme, tabaka lake la juu likanyonya rangi. Ikilika, huwezi kuziba mahali pamoja tu; anayetaka upya lazima aivue yote na kuanza tena. Na hailiki ovyo. Mvuvi anayezungusha kwa mkono wa kulia huikumbatia rili kwa kiganja cha kushoto, kwa hiyo ubavu wa kushoto ndio unaopauka kwanza. Baada ya miaka mingi linabaki doa la fedha lenye umbo la kiganja. Doa hilo ni wasifu. Linasema mtu fulani aliishika hivi, asubuhi nyingi, mpaka ngozi yake ikaishinda alumini.

Filamu inafika kwenye doa hilo na kuliita uchafu.

Tazama jinsi kamera inavyogawa heshima. Mikono ya mkarabati tunaiona kwa karibu, kila kucha. Mikono ya mvuvi tunaonyeshwa kwa sekunde tatu, katika sura ya kasoro, kisha msasa unaifuta. Hata rili ya pili, ile iliyochinjwa ili kutoa spea, mara nyingi haionekani. Vipande vinatokea mezani kana kwamba vilishuka kutoka mbinguni. Hadithi ya ufufuo ina maiti nyuma ya pazia, na msimulizi amenyamaza.

Hoja hii si ngeni. Mwaka 1849 mhakiki wa Kiingereza John Ruskin, katika kitabu chake *The Seven Lamps of Architecture*, alidai kwamba kukarabati majengo ya kale ni kuyaharibu, na tena kwa uongo. Ninamkubalia kuhusu uongo, lakini simfuati hadi mwisho. Ukuta unaweza kusimama ukiwa na ufa. Rili isiyozunguka si rili. Chumvi iliyojificha kwenye beringi haitunzi kumbukumbu, inaila. Anayeondoa kutu na grisi iliyooza anakirudisha kifaa kwenye kazi yake, na hilo ni tendo la heshima. Swali ni mahali pa kuweka chini kitambaa.

Ndiyo maana nawathamini zaidi watu ambao wakusanyaji huwadharau: wabadilishaji. Hawa huchukua rili ya zamani wakaitia beringi za kauri, visahani vya breki vya nyuzi za kaboni, mkono mrefu zaidi. Warushaji wa masafa wa Uingereza huziondolea rili aina ya 6500 lile jino la kupanga mshipi ili kupunguza msuguano, kisha wakaupanga mshipi kwa kidole gumba. Wengine hufunga sumaku ubavuni ili zifanye kazi ya breki. Mtu atalalamika kwamba asili imeharibiwa. Lakini mabadiliko hayo yanaonekana kwa macho. Hayajifanyi kuwa mwaka 1952. Yanasema waziwazi: nilipita hapa, nilihitaji hivi. Aliyeirudisha rili katika upya wa dukani ameingilia zaidi kuliko wao, ila ameficha mkono wake.

Nina sababu ya nyumbani ya kulishikilia jambo hili. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi saa mjini Mombasa. Kama mafundi wengi wa kazi hiyo, kila alipomaliza saa alikwaruza alama yake na tarehe upande wa ndani wa kifuniko, kwa herufi ndogo ambazo mwenye saa hakuziona. Fundi wa baadaye, akifungua, alijua lini na nani. Babu hakuacha kitabu, wala bango la duka, na picha zake tunazo mbili. Kazi yake ya maisha imo ndani ya saa za watu wengine, katika mikwaruzo ambayo mkarabati wa filamu angeiondoa kwa dakika moja, tena kwa mwendo wa kasi ili tusichoke. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mafundi wa aina yake, daftari ndilo hilo, na kila kifuniko kinachosuguliwa ni ukurasa uliochanwa.

Sitaki filamu hizi ziache kutengenezwa. Zinafundisha subira. Zinamwonyesha kijana kwamba kilichoharibika kina skrubu na kwamba skrubu hufunguka, somo zuri katika wakati wa simu zilizogundishwa kwa gundi. Ninachotaka ni usimulizi wenye uaminifu zaidi. Onyesha rili iliyochinjwa. Kaa juu ya doa la kiganja angalau kwa muda ule unaokaa juu ya mng'ao. Sema umebadilisha nini na kwa nini, kisha andika tarehe ndani, mahali ambapo fundi mwingine ataiona. Halafu ifunge rili kwenye fimbo uende majini. Katika filamu nilizotazama, takriban zote, hakuna tone la maji wala mshipi. Rili inatoka kwenye sabuni na kuingia kwenye kabati la kioo.

Ukarabati mzuri, kama uhariri mzuri, humwachia msomaji njia ya kujua ni mikono ya nani iliyopita. Doa lile la fedha halizuii gia kuzunguka. Msasa hauna kazi pale.