Anayeuchagulia Mji Vitabu

Bagamoyo wengi wanaijua kwa magofu ya Kaole, kwa misheni ya mwaka 1868 na kwa ngoma za chuo cha sanaa, TaSUBa. Tangu 1989 mji huu umekuwa pia ukiwafundisha wakutubi wa nchi nzima. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kipo hapa, na anayehitimu huweza kujikuta kesho yuko Songea au Bukoba. Kati ya anayojifunza ipo kazi ambayo msomaji haioni ikifanyika: kuamua kitabu kipi kinunuliwe na kipi kiachwe. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifia.

Wengi wetu tukimtaja mkutubi tunamwona akigonga mhuri, akipanga rafu, akiwanyamazisha watoto. Lakini kabla mhuri haujagongwa, mtu alikaa akapima. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina wajibu wa kukusanya: sheria inawataka wachapishaji wapeleke huko nakala za vitabu vyao, vizuri kwa vibaya, ziwe kumbukumbu ya taifa. Maktaba ya mji mdogo haina nafasi hiyo. Fedha ni chache, rafu zina mwisho, na kila kitabu kinachoingia kimemzuia mwenzake mlangoni.

Mtazame mkutubi hodari akishika kitabu kipya. Jalada la nyuma halimshughulishi sana, kwa kuwa pale mchapishaji anasifia mali yake. Anakifungua katikati, anakipanua mpaka kilale, anakagua mshono: kimeshonwa kwa uzi, au kimeshikwa na gundi peke yake? Pwani hii ina joto na unyevu wa bahari. Gundi hafifu hulegea, kurasa zikaanza kutoka mojamoja, na karatasi duni hupata kuvu kabla ya mwaka kwisha. Kisha anatafuta mwaka na toleo. Kitabu cha sheria ya ardhi kilichotoka kabla ya sheria mpya za 1999 kinaweza kumpotosha mtu mwenye kesi ya kiwanja, na mtu huyo atakiamini kwa sababu tu amekikuta maktaba. Anapima ukubwa wa herufi kwa ajili ya macho ya wazee. Mwishowe anasoma kurasa tatu nne za ndani, popote mkono ulipoangukia, ausikilize mtiririko wa Kiswahili chake. Tafsiri ya haraka haraka haijifichi. Mtoto atakiacha kitabu hicho ukurasa wa pili, na huenda asishike kingine.

Hapo amekijua kitabu tu. Bado mji. Bagamoyo ina wavuvi na wachuuzi wa samaki, ina akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani, ina wanafunzi wa sanaa, ina wazee waliojifunza kusoma kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Wengi wao hawajawahi kukanyaga maktaba, na daftari la kuazimia halina majina yao. Mchaguzi wa kawaida hulifuata daftari: kinachoazimwa sana kinaongezwa. Hodari hulisoma daftari, kisha akatoka nje. Anapita sokoni, anauliza nini kinawasumbua watu, na anarudi na hoja ya kununua kijitabu cha ukaushaji wa mwani ambacho hakuna aliyekiomba. Kwangu mimi huo ndio upeo wa ufundi huu, kumchagulia mtu ambaye bado hajaja.

Shinikizo kubwa linatoka shuleni. Mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, kila mwanafunzi anataka Takadini, Watoto wa Mama Ntilie au Joka la Mdimu, na ile namba 896.392, ambayo mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu umeipa fasihi ya Kiswahili, hubaki na mapengo. Kuwanyima si haki. Lakini maktaba ikinunua vya mtihani tu, inamfundisha kijana kwamba kusoma kunakwisha siku ya matokeo. Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na miaka baadaye ikafundishwa darasani. Mkutubi anayengoja orodha ya shule angeikosa kwa muda wote huo.

Tena kuna maboksi ya msaada. Vitabu kutoka ng'ambo vimezifaa sana maktaba zetu, hasa vya tiba na sayansi, na mashirika makini huuliza kwanza nini kinahitajika. Ila maboksi mengine hufika yamejaa miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kuachwa na hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji. Waswahili wamesema rahisi huvunja upishi. Kukikataa kitabu cha bure mbele ya mfadhili anayetabasamu kunataka adabu na msimamo kwa pamoja, na namheshimu sana mkutubi anayeweza.

Na vipo vitabu ambavyo mji unavidai kwa haki. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, na inasimulia misafara ya kutoka pwani kwenda bara. Mji uliokuwa mwisho wa njia ya misafara hauwezi kuikosa. Kabla yake yuko Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, hapa hapa Bagamoyo. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwaka 1900, na mwaka 1903 Carl Velten akachapisha kitabu cha desturi za Waswahili ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro: ndoa, malezi, ngoma, biashara, matanga. Alifia huko Ujerumani mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka 1981, na watafiti wa dunia wanaitumia.

Mkutubi wa pwani hii anakitafuta kitabu hicho kwa udi na uvumba, na anakitaka kwa Kiswahili. Akikosa pa kukinunua, anaandika barua kuomba kinakiliwe. Na anaomba nakala mbili, moja ya kusomea ndani, nyingine ya kuazima, ili binti wa Dunda aende nayo nyumbani akamsomee bibi yake, na bibi aseme ni wapi Mtoro amepatia na wapi amekosea.