Mlio Mmoja wa Makafi Mengi

Ufundi wa kupiga kafi kwa pamoja ni miongoni mwa kazi ambazo watu huzidharau mpaka zitoweke, kwa kuwa hauachi kitu cha kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho isipokuwa mtumbwi mkavu na ubao uliochongwa. Mjini Kisangani, ambapo Mto Kongo humaliza maporomoko saba ya Boyoma na kuanza safari ya takriban kilomita 1,700 hadi Kinshasa, ufundi huo ulikuwa kwa vizazi vingi ndio barabara, ndio soko na ndio ulinzi. Na leo, kila injini inapowashwa gatini, unarudi nyuma hatua moja.

Yafaa kutenganisha maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kafi ni ubao wenye bapa mfano wa jani, ambao mpigaji huushika kwa mikono miwili bila kuuegemeza popote, akitazama mbele anakokwenda. Kasia ni mti mrefu ulioshikizwa kwenye ubavu wa mashua, unaovutwa na mtu aliyeketi akitazama nyuma anakotoka. Mashindano ya dunia ya wanaume, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1962 mjini Lucerne, Uswisi, ni ya makasia: katika mashua kubwa kuliko zote, wavutaji wanane na mshika usukani wao huzimaliza mita 2,000 kwa dakika tano na nusu hivi, na katika muda huo kila mmoja huvuta zaidi ya mara mia mbili. Mgenia, yaani mvuvi wa jamii ya Wagenia wa Kisangani, angestaajabu kuona watu wakiukimbilia ushindi huku wameupa kisogo, lakini lipo jambo moja ambalo angelitambua hata akiwa amefumba macho, nalo ni mlio.

Wapigaji wa Kisangani husimama, nyayo tupu zikiwa zimekanyaga sakafu ya mtumbwi, chombo kilichotolewa katika gogo moja kwa shoka na tezo. Bapa huingia majini bila kurusha maji, huvutwa hadi usawa wa kiuno, kisha hutoka likichuruzika. Na wapigaji wakiwa hodari, hata wawe kumi au ishirini, aliye ukingoni husikia mlio mmoja tu. Wa nyuma hamwangalii wa mbele, bali humsikiliza, na pale wimbo au ngoma inapokosekana, huupokea mwendo kwa nyayo, kwa maana mtumbwi wa gogo moja hutetemeka wote kwa pamoja, na anayechelewa hujulikana kwa miguu ya wenzake kabla hajajulikana kwa macho yao. Hata hivyo, kiini cha ufundi hakimo katika pigo lenyewe. Kimo katika kimya kinachofuata, pale makafi yote yanapokuwa hewani na mtumbwi ukateleza peke yake, kwa sababu mwenye pupa hulirudisha kafi majini mapema na kukikatiza chombo mbio zake, ilhali fundi hukiacha kwanza kitumie nguvu aliyokipa.

Elimu hiyo ndiyo iliyoamua fainali ya makasia ya mashua ya watu wanne wa uzito mwepesi katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, ambapo Waafrika Kusini, Sizwe Ndlovu akiwa miongoni mwao, walitoka nyuma katika sehemu ya mwisho na kuwapita Waingereza kwa robo ya sekunde hivi. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko muda wa mvuto mmoja wa kasia, wala haipatikani kwa misuli ya mtu mmoja.

Mkoa wa Tshopo, ulipo mji wa Kisangani, uliijua elimu hiyo kabla ya saa za mashindano. Tarehe 1 Februari 1877, kwenye mlango wa Mto Aruwimi, ulipo mji wa Basoko, msafiri Mzungu Henry Morton Stanley alikabiliwa na kundi la mitumbwi ya vita, na akaandika kwamba uliotangulia ulikuwa na wapigaji arobaini kila upande, na nyuma wanaume wanane wenye makafi marefu yaliyopambwa kwa pembe za ndovu, wakiuongoza. Wahenga wa pwani walionya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtumbwi ule ulikuwa na wanane, na haukwenda mrama. Stanley aliwajibu kwa risasi, lakini kalamu yake ilishindwa kuwanyima sifa. Miaka kumi baadaye, Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipofanywa wali wa maporomoko ya Boyoma mwaka 1887, biashara ya mto bado iliwategemea wapiga kafi. Historia imewataja kwa majina waliobebwa, waliobeba haikuwataja.

Injini haistahili kulaumiwa kwa kumfikisha mgonjwa hospitalini upesi, wala kwa kupeleka mihogo sokoni kabla haijaoza. Lawama ni ya wale waliodhani kwamba chombo kikipata injini, watu hawahitaji tena kujifunza maji. Mtoto anayejua kuvuta kamba ya kuwashia mashine, lakini hajui maji yanavyojikunja nyuma ya jiwe, ni abiria hata akishika usukani. Na balenyeri, yaani mashua kubwa za mbao zenye injini, hupakiwa kupita kiasi na kusafirishwa usiku na watu wa namna hiyo, kisha ajali ikitokea husemwa kuwa mto ni mkali. Mto ni ule ule. Kilichopungua ni sikio.

Kwenye poromoko la mwisho, baina ya miti iliyosimikwa maweni na kufungwa kwa mitambaazi ili kushikilia mitego mikubwa ya samaki, Wagenia wangali wakipita kwa kafi, kwa sababu hapo mawe hayasamehe panga la injini. Ufundi uliobaki umelindwa na mawe, haukulindwa na watu. Anayetaka usife asingoje tamasha wala mnara wa kumbukumbu: amsimamishe mwanawe mtumbwini, nyayo tupu, kabla hajamnunulia injini.