Picha ya Sayari na Amana ya Mfasiri

Uhakiki wa ushairi umezoea kuuliza maswali mawili: limesemwa nini, na limesemwaje. Picha ya sayari iliyopigwa na mtu wa kawaida kwa darubini yake ya nyumbani hupita mbele ya macho ya wengi bila ya kuulizwa hata moja kati ya hayo. Mtazamaji huiona Zohali na pete zake, hustaajabu, kisha hufunua ukurasa. Ilhali picha ile haikuonwa hivyo na jicho lolote. Imetungwa, na kila kilichotungwa kina haki ya kuhakikiwa.

Na uchukuliwe mfano wa Nduta, katika nyanda za juu za Kigoma, upande wa Kibondo. Wengi wamelisikia jina hili kwa ajili ya kambi iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea wakimbizi wa Burundi. Wachache wamelifikiria kwa ajili ya anga lake. Nduta ipo takriban digrii 4 kusini mwa ikweta. Hapo Mshtarii na Zohali, kila zifikapo kilele cha safari yao ya usiku, haziwi chini ya digrii 60 juu ya upeo wa macho. London, katikati ya mwaka 2019, Mshtarii haikupanda ila digrii 16 hivi, na nuru yake ililazimika kupenya hewa nene zaidi ya mara tatu kuliko ile ya utosini. Hata hivyo, hewa ya Nduta nayo ni hewa. Ardhi iliyopigwa na jua la kiangazi hutoa joto lake usiku, nuru ikatetema, na sayari ikaonekana kama sarafu iliyozama kisimani.

Mpigapicha hushindana na mtetemo huo kwa wingi. Hapigi picha moja. Huchukua video ya dakika mbili tatu, yenye maelfu ya picha, wala hathubutu kuendelea sana, kwani Mshtarii hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, na alama zake zingehama. Kisha programu za kompyuta, kama vile RegiStax ya Cor Berrevoets na AutoStakkert ya Emil Kraaikamp, huzipima picha zote, huchagua zilizotulia, na kuzilaza moja juu ya nyingine. Aliyewahi kuhariri utenzi wa kale ataitambua kazi hii. Mbele yake pana miswada kadhaa ya hati za Kiarabu. Kila mnakili amekosea, lakini hawakukosea wote mahali pamoja. Makosa hutawanyika, na neno la mtunzi hujitokeza pale nakala zinapokubaliana.

Hatua inayofuata ndiyo yenye mtihani: kuinoa picha. Kwa kiasi, kunoa hufichua mikanda ya mawingu iliyokuwamo. Kukizidi, huzaa mistari na duara zisizokuwako angani, mfano wa mhariri ajazaye mizani kwa maneno yake mwenyewe.

Mirihi imekwisha kutoa funzo hilo, tena kwa njia ya tafsiri. Mwaka 1877 Mtaliano Giovanni Schiaparelli alichora juu yake mistari aliyoiita canali. Neno hilo kwa Kitaliano hubeba maana mbili, ambazo Kiswahili kinazitenga: mkondo, ulioumbwa na maji yenyewe, na mfereji, uliochimbwa kwa mikono. Waingereza walichagua neno la mfereji. Na penye mfereji pana mchimbaji. Percival Lowell alijenga kituo chake Flagstaff, Marekani, mwaka 1894, akaitetea hadithi ya viumbe wenye akili walioimwagilia Mirihi. Mwaka 1909 Eugène Antoniadi aliitazama sayari hiyo kwa darubini ya Meudon, Ufaransa, yenye lenzi ya sentimita 83, hewa ikiwa tulivu. Mistari ikavunjika kuwa madoa madoa. Na si wageni pekee walioteleza: Zohali yenyewe imeitwa Sarateni katika baadhi ya vitabu vya shule vya Tanzania, jina ambalo asili yake ni la buruji ya Kaa.

Neptuni inaonesha kosa la namna nyingine. Chombo cha Voyager 2 kiliipita mwezi Agosti 1989, na picha zake zikaongezwa ukolezi ili mawingu yaonekane. Sayari ikatoka na buluu ya kina kirefu. Wanasayansi walilieleza jambo hilo katika maelezo ya picha. Maelezo yakapotea, buluu ikabaki. Mwaka 2024 Patrick Irwin wa Oxford na wenzake walionesha kuwa Neptuni inakaribiana mno na rangi ya kijani-buluu iliyopauka ya Uranusi. Kukoleza hakukuwa udanganyifu. Dhara ilikuja pale tafsiri ilipoanza kusomwa kama asili.

Lakini mwenye kuogopa kuongeza asije akaangukia katika kufuta. Tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley, mpenzi wa nyota wa Australia, aliona doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii katika picha za darubini yake ya kioo cha sentimita 37. Angelihesabu kuwa uchafu na kulisafisha, picha ingependeza zaidi. Alilihoji, akawaarifu wengine, na darubini ya NASA huko Hawaii ikathibitisha kuwa kitu kilikuwa kimeigonga sayari ile.

Kwa hiyo uzuri peke yake hautoshi kuwa kipimo cha sanaa hii. Atakayesimamisha darubini Nduta usiku wa kiangazi na ahifadhi picha zake ghafi, aandike saa, ukubwa wa kioo, idadi ya picha alizozichagua na alizozitupa, na rangi alizozikoleza. Hapo msomaji ataweza kuurejea mswada, na kuihakiki tafsiri.