Kikombe, Bunduki na Wazee Saba

Wakusanyaji wa vitu vya kale wanazipenda sana bunduki za zawadi za Uswisi. Si zile za kambini. Ni zile alizokabidhiwa mlenga shabaha hodari kwenye mashindano ya karne ya 19: chuma kilichonakshiwa, mbao iliyong'arishwa, na mara nyingine maandishi ya kutaja mashindano na mwaka. Uliza kuhusu thamani, utaambiwa habari za kutu, nakshi na ziko ngapi duniani. Sawa, lakini mimi naona yale maandishi ndiyo ya kusomwa kwanza, na wa kutufundisha kuyasoma ni mwandishi Gottfried Keller wa Zürich.

Hadithi yake ndefu, Das Fähnlein der sieben Aufrechten ya 1860, inatupeleka Aarau mwaka 1849, kwenye mashindano ya taifa ya kulenga shabaha. Yalianzia mji huohuo mwaka 1824, na sasa nchi ina katiba mpya ya 1848. Wazee saba, marafiki wa kufa na kuzikana, wanataka kwenda na bendera yao na zawadi ya kushindaniwa. Zawadi gani sasa? Hapo ndipo Keller anaponimaliza. Sonara ana kikombe cha fedha, mhunzi ana plau, seremala ana kitanda, mwenye baa ana mvinyo, mfugaji ana ng'ombe. Manze, kila mzee anaimba uzalendo huku akitafuta pa kutupia stoki iliyokwama!

Huo ndio uhakiki mkali zaidi ninaoujua wa kitu kinachoitwa zawadi ya heshima. Zawadi ina mtoaji, na mtoaji ana hesabu zake. Maandishi kwenye chuma yanasifu ushindi. Hesabu hizo hayazigusi.

Lakini Keller naye ana upande. Novemba 1847 Waswisi walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mikoa ya Kikatoliki ikashindwa. Wazee saba ni wa mrengo ulioshinda, na sherehe tunaiona kwa macho yao. Kicheko chake ni kitamu, ila kinatoka mezani kwa washindi.

Na kuna safari ambayo hadithi ya 1860 isingeweza kuijua. Friedrich von Martini, aliyekuwa na kiwanda Frauenfeld, hukohuko Uswisi, alibuni mfumo wa kufyatulia risasi ambao walenga shabaha waliupenda. Mwaka 1871 jeshi la Uingereza likaupokea, ndani ya bunduki ya Martini-Henry. Mwaka 1879 ndiyo waliyoishika wanajeshi wa Uingereza walipowavamia Wazulu. Kwani hiyo si sehemu ya historia ya kitu kilekile? Huku mfumo huo ukiwashindia watu vikombe, kule ukiua.

Kwa hivyo sina shida na mtu kukusanya. Nakshi ni nzuri, na fundi aliyeichonga anastahili heshima yake. Shida yangu ni kabati lenye Martini ya mashindano peke yake, imepigwa polishi, ikisimulia sherehe tu. Mkusanyaji makini aiweke Martini-Henry kuukuu kando yake, bila nakshi, bila jina la mshindi. Halafu atuache tusome zote mbili.